Kidevu Juu, Kidevu Chini

Mtaani walianza kusema Fundi anaringa, na wala hawakusema kwa kunong'ona. Mwanamke aliyewashonea nguo tangu wengine wao wakiwa wanabebwa mgongoni, aliyekuwa akitaniana na kila anayepita dirishani pake, sasa alikuwa akitembea barabarani kidevu juu kama mtu anayekagua mapaa ya nyumba. Ukimsalimia anasimama, anakiinua kidevu zaidi, halafu anakushushia macho kutoka juu ya pua, taratibu, utadhani umemletea kitambaa kibovu.

“Uzee umemwingia kichwani,” alisema jirani yake muuza mboga. “Sisi wengine unatuingia magotini, yeye umekwenda moja kwa moja kichwani.”

Masikini Fundi alikuwa anatafuta tu namna ya kuona. Kope zake zilikuwa zimeshuka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kama pazia ambalo kamba yake imelegea, mpaka zikafunika nusu ya mboni. Kilichobaki ni upenyo mwembamba kwa chini, na upenyo huo haukuwa na faida mpaka ainue kidevu. Akiwa peke yake kazini, mlango umefungwa, alikuwa na ujanja wake: vipande viwili vya plasta, anavibandika kuanzia kwenye kope hadi kwenye paji la uso, na hapo anaweza kutunga uzi kwenye sindano bila kumwomba mtu. Mteja akipiga hodi, anavibandua haraka haraka, na kila safari vinaondoka na unywele wa nyusi. Ilifika mahali hana nyusi za kutosha hata kukasirika nazo.

Siku moja alikuwa anampima shati dereva mmoja wa lori, pande la mtu. Alimzungushia futi shingoni, akainamisha kichwa asome namba, na kope zote mbili zikaanguka. Dereva akangoja. Akazidi kungoja.

“Fundi,” akasema kwa sauti ndogo, “umesinzia huku umenishika koo?”

“Nasoma namba.”

“Unasoma umefumba macho?”

“Kazi hii naifanya tangu hujazaliwa,” Fundi alimjibu. Kola ikatoka ndogo kiasi kwamba dereva alikuja kuirudisha uso umemwiva, maneno hayatoki.

Binti yake wa pekee alikuwa muuzaji katika duka la miwani, na kwa maoni ya binti huyo hakuna taabu duniani isiyokuwa na lenzi yake. Kila akija kumsalimia mama yake alikuja na miwani mpya. Ilikuja ya kusomea, ikaja ya kuonea mbali, ikaja ya kufanya yote mawili, ambayo ilimfanya Fundi aone ngazi mbili palipo na moja. Fundi alizipanga zote kabatini, akamwambia binti zinamsaidia sana. Miwani ingewezaje kumwonyesha kitu ikiwa pazia limeshushwa kwa ndani?

Lakini jambo la kope angeweza kuishi nalo. Lililomtia hofu ni koo, na hilo hakumwambia mtu. Nyama ilikuwa imeanza kumkwama. Kisha mkate. Kisha hata viazi vilivyopondwa vilifika katikati vikakaa, kama abiria aliyesahau kituo chake. Akijaribu kuvisukuma kwa maji, maji yanapitia puani. Basi akaacha kula mbele za watu. Akikaribishwa, jibu lake likawa moja: “Nimeshiba, asanteni.” Alishiba harusini, alishiba msibani, alishiba kwa jirani. Magauni yake yalipoanza kumpwaya aliyapunguza mwenyewe usawa wa mbavu, mshono safi usioonekana, kwa hiyo hata binti yake hakushtuka kwamba mama anaisha.

Siri ilitolewa na yai. Muuza mboga alikuwa na sherehe, mwanawe amehitimu chuo, na alimkalia Fundi kooni mpaka akubali kula yai la kuchemsha, moja tu, kwa heshima ya kijana. Fundi aliona atatukanwa tena kwa maringo, akalitia mdomoni. Yai likagoma njiani. Uso ukabadilika rangi, mikono ikapiga meza, na muuza mboga, ambaye amebeba magunia maisha yake yote, akamzunguka nyuma na kumshindilia kofi la mgongo lililosikika mpaka nje. Yai likaruka likatua kwenye mapaja ya mgeni wa heshima, aliyekuwa bado ameshika hotuba yake.

“Samahani,” alisema Fundi alipopata pumzi. “Nilishasema nimeshiba.”

Kesho yake binti hakuleta miwani. Alikuja na gari la kukodi, wakaenda hospitali.

Walizungushwa kama kawaida, mlango huu mpaka ule, kabla ya kuangukia kwa daktari wa misuli na mishipa ya fahamu, kijana mpole mwenye ndevu changa. Huyo alimtazama Fundi alivyoingia na kidevu chake, hakudhani kwamba anadharauliwa. Akamwambia atazame juu bila kusogeza kichwa, akampa maji anywe huku anasikiliza shingo yake, kisha akachukua damu ipelekwe mbali kupimwa. Majibu yalichukua muda mrefu hata Fundi akaanza kutumaini yamepotea.

Hayakupotea. “Ni ugonjwa wa kurithi, Mama,” daktari alisema. “Ni wa nadra sana. Unazaliwa nao, lakini unakaa kimya mpaka utu uzima ndipo unajitokeza. Unalegeza misuli ya kope na ya koo. Baadaye, kwa wengine, na ya mapaja.”

“Dawa yake?”

“Ya kuuondoa, bado haipo.”

“Kwa hiyo tumekuja kuambiwa ni wa kurithi tu, twende nyumbani.”

“Hapana. Kuutoa siwezi, lakini siku zako naweza kuzifanya nyepesi zaidi ya hivi.” Akavuta kiti karibu. “Niambie wewe. Kipi kinakusumbua kuliko vyote?”

Fundi hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Tangu aanze kuzeeka watu walikuwa wakimwambia kinachomsumbua, hawamwulizi. Alifikiri mpaka binti akaanza kumjibia, na Fundi akamkata.

“Nataka kula na watu,” alisema. “Nimechoka kushiba. Halafu nataka kutunga uzi mwenyewe.”

Daktari akatikisa kichwa kukubali, kama aliyesikia jambo kubwa. Kope, alieleza, zinaweza kunyanyuliwa kwa upasuaji mdogo. Kwa upande wa koo kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya kumeza, mwanamama mchangamfu chumba cha pili, na mambo yakizidi kuna upasuaji wa koo pia. Mwanamama yule alimfundisha Fundi kula vitu laini, kwa kijiko kidogo, bila haraka. “Na la muhimu,” akasema, “ukimeza, inamisha kidevu kiguse kifua.”

“Na nikitaka kuona?”

“Hapo inua.”

Fundi alijaribu kijiko kimoja cha uji. Inamisha, meza. Inua, tafuta bakuli. Inamisha, meza. “Kumbe nikila sioni,” alisema, “na nikiona sili.”

Binti alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Fundi akafurahi kumsikia, maana tangu asubuhi alikuwa amekauka kama ubao.

Daktari aliporudi akauliza habari za ukoo. Fundi akamweleza habari za baba yao, marehemu, aliyekuwa karani wa mahakama na kusimamishwa kazi kwa kulala kesini, wakati mwenyewe akiapa yuko macho. Miaka yake ya mwisho alikuwa akisukuma sahani pembeni, na mama yao akilia kwamba mume amekidharau chakula chake. Mama yao alikwenda kaburini akiamini hajui kupika.

“Una ndugu?” aliuliza daktari.

“Nilikuwa na dada.”

“Pole sana. Alifariki lini?”

“Yuko hai. Anakaa nyuma ya soko.”

Dada huyo, mkubwa kwake kwa miaka saba, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na watu waliendelea kumwita Mwalimu Mkuu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuacha. Walikosana kwa ajili ya gauni. Alikuwa amekuja kwa Fundi kushonewa nguo ya kuagwa kazini, zambarau, kitambaa cha bei. Siku ya kulijaribu, Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya kioo, kidevu juu, akamshushia mdogo wake jicho la dharau. Fundi, ambaye hakupenda kudharauliwa ndani ya duka lake, akarudisha jicho lilelile. “Unanipandishia pua?” akauliza mmoja. “Aliyeanza ni nani?” akajibu mwingine. Wakapeana vidonge vyao, na mambo ya utotoni yakafukuliwa, mpaka habari ya nani alivunja taa ya baba. Mwalimu Mkuu akaondoka bila gauni, wala hakutia tena mguu. Wakikutana msibani walikaa pembe mbili za uwanja, kila mmoja ameinua kidevu, na watu waliwaogopa wote wawili.

“Lazima aambiwe,” daktari alisema. “Naye huenda anao.”

“Ana kiburi tu,” alisema Fundi, kisha akasikia alichokisema.

Walikwenda Jumamosi. Fundi alikuwa amepanga maneno yake njia nzima, na geti lilipofunguliwa yakampotea yote. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mbele yake, mwembamba kuliko alivyomwacha, kidevu kimeelekea mawinguni. Fundi naye akainua chake ili amwone vizuri. Wakabaki hivyo, wanatazamana kupitia puani, kama majogoo wawili wanaosubiri kupulizwa filimbi.

“Shikamoo, Dada.”

“Marahaba. Ni nani?”

Fundi alikuwa karibu kugeuka aondoke. Binti akamshika mkono. “Mama Mkubwa,” akasema, “unameza vizuri?”

“Hilo ni swali la kumwuliza mtu getini?”

Hata hivyo akawaingiza ndani. Akatenga chai na mkate, akawakaribisha, mwenyewe akachukua kipande kidogo. Fundi akainua kidevu na kumwangalia. Alimwona akiuchovya mkate kwenye chai mpaka ukalegea. Akamwona akimeza, akinywa maji, akimeza tena kitu kilekile. Alimwona akigeukia ukutani, kitambaa mdomoni, akijifanya anapenga kamasi. Kila hatua ya ujanja ule Fundi aliijua. Alidhani ameigundua yeye.

“Ongeza mkate, Dada.”

“Nimeshiba.”

“Umeshiba tangu mwaka gani?”

Mwalimu Mkuu akaweka kikombe chini. Midomo ilimcheza, na machozi yakashuka kutoka chini ya zile kope zilizolala, bila macho yenyewe kuonekana.

“Nilidhani ni adhabu yangu peke yangu,” alisema. “Naogopa kulala, mate yananipalia.”

Fundi akamweleza yote, ugonjwa, baba, sahani zilizosukumwa pembeni. Walilia kidogo kwa ajili ya mama yao. Kisha Fundi akashindwa kujizuia. “Siku ile ya gauni, kwa nini ulinitazama vile?”

“Nani alikutazama? Sikuwa nakuona! Nilikuwa natafuta kioo.”

“Na mimi nilikuwa nakutafuta wewe!”

Binti alitoka nje kwanza, kwa sababu kucheka mbele ya wakubwa wanaolia si adabu. Aliporudi aliwakuta wanagombana.

“Gauni langu liko wapi?”

“Nimelifumua. Nilishona foronya za mito.”

“Ngapi?”

“Sita.”

“Gauni gani linatoa mito sita?”

“Ulikuwa mnene, Dada.”

Damu ya Mwalimu Mkuu ilipopimwa, jibu likawa lilelile. Kwenye korido ya hospitali, dada akiwa bado ndani anamfundisha daktari namna bora ya kueleza mambo, Fundi na binti yake walibaki kwenye benchi. Fundi alitazama mikono yake.

“Na wewe, mwanangu? Ulimwuliza daktari?”

“Nilimwuliza siku ile ya majibu yako. Mtoto anaweza kuupata au kuukosa, sawasawa kama kurusha sarafu.”

“Nisamehe.”

“Kwa lipi, Mama? Uliniuliza rangi ya kitambaa kabla hujanishona?” Binti akamwegemea begani. “Sitapima sasa. Pengine nitapima baadaye. Nataka kwanza nikuone unakula.” Halafu akaongeza, “Lakini zile miwani ungeniambia.”

Fundi alichagua upasuaji wa kope. Mwalimu Mkuu alikataa katakata. Alisema amefika umri wa kutokatwa na mtu aliye mdogo kuliko wanafunzi wake, na daktari hakumbembeleza wala hakumtisha. Alimwuliza tu anataka kufanya nini na macho yake. Akasema anataka kusoma magazeti na kuona nani anapita barabarani. Hapo siku ya binti ikafika. Alisikia kwamba ipo miwani yenye waya mwembamba nyuma ya kioo, unaonyanyua kope na kuzishikilia, akaitafuta kwa mafundi wote anaowajua mpaka akaipata, akaikunja mwenyewe mpaka ikamkaa mama yake mkubwa sawasawa. Mwalimu Mkuu alipoivaa mara ya kwanza alitazama sebule yake nzima, pole pole, akasema, “Kumbe pachafu hivi?”

Upasuaji wa Fundi ulikwenda vizuri, ila kope zilinyanyuliwa kwa moyo mkunjufu mno. Kwa majuma ya mwanzo alikuwa na uso wa mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni. Watu walimsimulia habari za kawaida, bei ya vitunguu, mvua, na kwa kuona macho yale wakaongeza chumvi, wakidhani wamemshangaza. Pia macho hayakufumba kabisa akilala. Daktari alikuwa amemwonya, akampa mafuta ya kupaka yasikauke. Muuza mboga hakuonywa na mtu. Alikuja mchana mmoja, akamkuta Fundi kajinyoosha kitini, akamweleza matatizo yake yote ya ndoa tangu mwanzo, na kutoka akitangaza kwamba Fundi ameacha maringo, siku hizi anakusikiliza mpaka mwisho bila kukukatisha.

Mwalimu Mkuu aliijua siri hiyo ya macho, na ndiyo maana alichagua saa ya usingizi wa mchana. Aliingia kwa kunyata, akaketi kwenye mto wa zambarau, akarekebisha miwani. Fundi alikuwa amezinduka kwa mlio wa mlango, lakini dada yake alipoanza kuongea kwa sauti ile ya chini asiyoijua, hakujitingisha.

“Mdogo wangu,” alisema Mwalimu Mkuu, “kwa kuwa umelala, nitasema. Taa ya baba niliivunja mimi. Ulichapwa wewe, nami nilikaa kimya. Miaka yote hii nikikuona umeinua kidevu nilidhani unanikumbusha, na badala ya kuomba radhi nikawa nakukasirikia wewe. Maneno niliyokwambia siku ya gauni hayakuwa ya gauni. Nilikukosa sana. Chakula changu nilikula peke yangu, kwa kujificha, na mara nyingi nikatamani ningekuwa na mtu wa kujificha naye.”

Nzi akatua puani kwa Fundi. Akatembea. Akapanda mpaka pembeni ya jicho, akasimama kunawa mikono. Fundi alivumilia kuliko alivyovumilia upasuaji.

“Basi,” Mwalimu Mkuu akamaliza, akainuka, kisha akamtazama kwa makini kupitia miwani yake ya waya. “Halafu najua uko macho.”

“Umejuaje?”

“Hujakoroma hata mara moja. Wewe ukilala watu wanafunga madirisha.”

“Sasa mbona umeendelea?”

“Nilikuwa nimeshaanza,” alisema Mwalimu Mkuu, akamfukuza nzi kwa gazeti.

Mwisho wa mwezi walikwenda kula mgahawani, wao wawili na binti. Ni Fundi aliyelitaka jambo hilo: meza ya watu, kitambaa cheupe, mchana kweupe, kila mtu anaona. Waliagiza supu nzito, viazi vilivyopondwa, samaki laini asiye na miiba. Binti aliwaacha waende mwendo wao. Kijiko, kidevu chini, meza. Mwalimu Mkuu akafuata, kijiko, kidevu chini, meza, kisha wakapumzika na kusengenya kidogo, maana muda walikuwa nao. Supu ya Fundi ilimpalia mara moja. Alikohoa, akafuta midomo, akaomba maji mazito ya matunda badala ya maji matupu, wala hakuona haya, kwa sababu dada yake alikuwa ameshaanza kukohoa pia.

Mhudumu alipita karibu mara nyingi na sahani za watu wengine. Mwishowe akamvuta binti pembeni, akauliza kwa heshima kama wale mabibi wanasali kabla ya kila kijiko, maana yeye amekuwa akingoja nafasi ya kuwauliza kama chakula ni kizuri na hataki kuwakatiza.

“Waulize tu,” binti alisema.

Akawauliza. Fundi alikuwa na kiazi mdomoni. Aliinamisha kidevu, akameza vizuri mpaka kikashuka, kisha akamtazama kijana kwa macho yake makubwa yaliyofunguka.

“Kizuri sana, mwanangu,” alisema. “Tuongezee.”